Ulimi wa Senje

Kangemi, Nairobi

Kaka yangu Wycliffe,

Pokea salamu zangu wewe na nyumba yako. Natumaini mgongo umekuachia na mahindi mmeshapalilia. Mimi mwili mzima. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na sitaki kukatizwa.

Ulipomleta Brenda akae kwangu asome, ulisema kwetu baba haongei na binti mambo ya kikubwa, kazi hiyo ni ya senje, shangazi yake. Tena senje mwenyewe nesi. Nilivimba kichwa. Lakini nyumbani sikumwambia neno, nilikuwa nikirudi nimechoka kwa kusema kutwa nzima.

Kusema kwenyewe ni huku. Miezi minne iliyopita, Jumatatu, msichana wa sare aliinama kwenye dirisha langu pale kliniki ya Westlands, akaniomba kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, akinong'ona. Benchi limejaa akina mama na watoto wa chanjo. Nikamwambia, "Ongea na sauti. Huko kwa kijana ulikuwa unanong'ona hivyo?"

Wakacheka. Nilipoona wanacheka nikaongeza. "Una miaka ngapi? Mama yako anajua uko hapa? Nipee namba yake." Alilia, akapangusa pua kwa mkono wa sweta. Dawa ilikuwa kwenye droo nyuma yangu. Sikumpa. Saa ya chai niliwaigizia wenzangu alivyolia, tukacheka mpaka mmoja akapaliwa.

Usidhani siku hiyo niliamka vibaya. Ndivyo ninavyowanyoosha wote, na husifiwa.

Sasa shika moyo. Brenda ana mimba. Nilijua wiki jana, nilipoona sketi ya shule imefungwa kwa pini. Nilimzaba kofi kabla ya kumwuliza, na hilo ulijue. Kisha nikafoka: mimi ni nesi, dawa ziko mkononi mwangu, kwa nini hakuja mapema?

Hakulia. Alisema, "Nilikuja, Senje. Nilikuwa kwa benchi, nyuma ya mama wa mapacha. Nyumbani hukuwa unaongea na mimi, nikafikiria kazini unaongeanga vizuri. Nilikuwa nifuate yule msichana uliyemliza."

Nikamwuliza kwa nini hakungoja zamu yake. Kaka, nilimwuliza hivyo kweli.

Jumamosi anapanda gari kuja kwenu. Amekataa nimsindikize hata hadi stendi. Usimpige, nilishapiga mimi. Mwambie wifi yangu amwulize polepole, wakiwa wawili, mlango umefungwa. Mimi nimesomea kazi hiyo na sikuiweza.

Nisalimie mama yetu, na mdogo wetu anayefundisha hapo shuleni. Mama akiuliza kama nimeacha kazi, mwambie sijaacha. Leo asubuhi alikuja mwingine wa sare. Nilifungua mdomo nimsemeshe vizuri, naye, kabla sijatoa neno, akaomba msamaha.

Ni mimi dada yako,
Everlyne