Ndege Bila Kapo

Jumatatu, 7 Machi 1955
Nimesafisha kapo tena. Mafuta, vumbi, wadudu waliokauka. Ni bati la duara linalofunika injini, kama pipa lisilo na kitako. Ndege ya zamani. Silinda zake zimepangwa duara na zinapozwa na upepo tu. Rubani amerudi analalamika, injini inapata moto.
Mke wangu Bernadette yuko kwa mama yake, Opala. Mimba inamsumbua. Rubani ameahidi kumleta hospitali Ijumaa. Nimemshukuru. Moyoni hakuna kitu.

Jumatano, 9 Machi
Moto tena. Rubani akasema, "Bon, mutoshe kapo, ipate hewa." Mwenzangu Alphonse akacheka: "Mutu akisikia joto, si anatosha shati?"
Nikaona ni kweli. Tukaifungua, tukaitoa, tukaiegemeza ukutani. Hakuna aliyebisha.

Alhamisi, 10 Machi
Mvua. Sikula.

Ijumaa, 11 Machi
Ndege imerudi bila Bernadette. Rubani hakunitazama. Anasema ilikuwa nzito hewani, kama inavutwa nyuma, na ilikunywa petroli kuliko kawaida. Na Bernadette na mama yake ndani, isingefika. Amewaacha kando ya uwanja, juani. Uchungu ulikuwa umeshaanza.
Nikasema, "Ndiyo, Monsieur." Nikaenda kunawa mikono.

Jumamosi, 12 Machi
Tumekagua silinda. Mbele safi. Nyuma zimeungua, rangi ya kahawa. Nimezitazama muda mrefu.
Sisi ni Wagenia, wavuvi wa maporomoko. Baba hutega vikapu pale maji yanapobanwa kati ya mawe, maana hapo ndipo yana nguvu. Kapo ilikuwa inaubana upepo hivyo hivyo, unapita katikati ya silinda mpaka nyuma. Tulipoitoa, upepo ukatawanyika ovyo. Haukupoza, na ndege ikawa inapigana nao njia nzima. Nimekulia kwenye maporomoko na sikufikiri. Najichukia, lakini kwa mbali, kama namchukia mtu mwingine.
Kapo tumeirudisha. Kesho rubani hafanyi kazi.

Jumatatu, 14 Machi
Ndege imerudi mapema. Injini haikupata moto. Bernadette ameshuka mwenyewe, polepole. Mtoto alizaliwa Ijumaa usiku, amekufa. Wamemzika kule. Wa kiume.
Nilimshika mkono. Sikulia. Yeye pia hakulia.

Jumapili, 20 Machi
Tumetoka misa. Bernadette alikuwa anamenya ndizi uani. Akataka kujua sababu: "Ile siku ndege iliniacha juu ya nini?"
Nikamweleza yote. Kapo, upepo, petroli. Alisikiliza mpaka mwisho.
"Na kapo, muliitosha juu ya nini?"
"Juu ya joto."
Akamenya ndizi nyingine.
"Na miye nilikuwa mu joto," akasema.
Kisha akainuka kuchochea moto. Nikachukua kisu, nikamalizia ndizi zilizobaki.