Mrututu wa Bwawani

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Na Mama nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema kama mara ile kwamba umeipokea wewe ukaimaliza. Natumaini baridi ya huko haijakushika magoti na kuni mnazo za kutosha. Mimi ni mzima wa kuandika. Mengine nitayasema nikifika mahali pake, maana nikianza nayo, dada Gaudensia anayekusomea atalia na hutazisikia habari zenyewe.

Barua yake niliipata. Anasema umeshanoa shoka, na maharage yakitoka tu shambani utaiangusha mibuni yote ya upande wa kijito, uchimbe mashimo yetu ya ngolo upande mahindi. Sikulaumu, Baba. Zamani kung'oa mbuni mmoja ilikuwa kesi, na ushirika ulikuletea dawa mpaka ghalani, wakakata chao baada ya mauzo. Sasa wanunuzi wanapanda mlima na magari yao, kila mmoja na mizani yake, lakini dawa hakuna anayeileta, na bei yake dukani Mbinga inamrudisha mtu mlangoni. Najua unaamka kila siku kuangalia kutu inavyokula majani. Ila nakuomba usiamue chochote mpaka barua hii iishe kusomwa.

Unajua nilikuja kwa Mkurugenzi kutunza bustani. Niliwahi kukueleza kwamba uani kwake kuna bwawa la kuogelea, ukauliza samaki wake ni wa aina gani. Halina samaki, Baba. Hata watu wenyewe walikuwa wanaingia kwa nadra. Nilipofika nilidhani maji yakishajazwa yamejazwa. Kumbe bwawa ni mgonjwa asiyepona, linataka mganga wake kila wiki. Walikuwa wanakuja watu wa kampuni na viatu vya mpira na glavu, wanapima maji kwa vichupa, wanatia klorini, wanaosha chujio, wanaondoka. Gharama yake hakuna aliyeiuliza, kwa sababu ankara ilikwenda moja kwa moja kwa shirika alilokuwa akiliongoza.

Kisha shirika likauzwa. Mkurugenzi akabaki na jina tu, sisi tukaendelea kumwita hivyo hivyo kwa heshima. Ankara ikaja nyumbani kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nafagia varanda alipomsomea mkewe, na aliirudia kuisoma kama aliyedhani macho yamemdanganya. Pesa ya mwezi mmoja wa kuliosha lile shimo ingenunua dawa ya shamba letu lote kwa msimu, na chenji ikatengeneza bomba letu la kupulizia. Niliuma meno nikaendelea kufagia.

Watu wa kampuni wakaambiwa wasirudi. Mama mwenye nyumba akaniita, akasema kwa kuwa kwetu ni Nyasa, basi maji nayajua. Nikamweleza kwamba sisi ni wa mlimani, na ziwa nililifahamu kwa kuteremka na Mama mpaka Mbamba Bay kubadilisha maharage kwa dagaa wa usipa, na sijawahi kuingia zaidi ya magoti. Alisikia neno Nyasa, mengine akayaacha yapite. Basi bwawa likawa langu.

Klorini iliyoachwa ikaisha, na maji yakaanza kuota utando wa kijani. Mkurugenzi akaniambia nitafute stoo kama kuna dawa nyingine iliyosalia. Nikakuta mfuko, nikaufungua, na Baba, nilicheka peke yangu mle ndani. Ulikuwa mrututu, dawa yetu ya kutu ya kahawa! Wa buluu ile ile, chembe kubwa, mkavu, mwingi kuliko nilivyouona tangu ushirika ulipokufa. Nilisikia kwamba wale jamaa walikuwa wakiutia kidogo kidogo kuua utando. Uliniuma moyoni. Huku unatupwa majini ili mtu aone miguu yake, na huko mibuni inakufa kwa kuukosa.

Mkurugenzi alipouliza kama naweza, nilijigamba. Nilisema baba yangu alinifundisha dawa hiyo kabla sijajua kufanya ishara ya msalaba. Kisha nikafanya vilevile ulivyonifundisha. Mrututu kwenye ndoo yake, chokaa iliyobaki ya kupakia ukuta kwenye ndoo yake, nikachuja, nikazichanganya, nikatumbukiza kisu kuona kama chokaa imetosha. Kisu kilitoka safi bila wekundu wowote. Nikamimina bwawani ndoo baada ya ndoo, nikienda kifua mbele.

Asubuhi maji yalikuwa mazito kama uji. Chujio lilikuwa limekabwa, pampu imezunguka bure mpaka ikanuka kuungua na kunyamaza, na kuta zimeshika madoa ya buluu. Ikabidi fundi wa kampuni aitwe. Aliuliza nani kafanya, nikasema mimi. Akauliza chokaa ilikuwa ya nini, nikamweleza kwamba ndiyo inayofanya dawa ishike kwenye jani mvua isiioshe. Hakucheka.

"Imeshika kweli, ndugu yangu," alisema. "Ila maji hayana majani."

Usijilaumu, Baba. Nakujua, hapo utamwambia Gaudensia aache kwanza kusoma. Dawa yako ilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyeipeleka pasipokuwa na mti.

Fundi akataja gharama: pampu mpya, kukausha bwawa, na watu wake kuosha kuta kwa tindikali. Ilizidi mbali pesa aliyokuwa akiikwepa Mkurugenzi. Basi akakubali pampu na tindikali tu. Mikono ya kusugulia, alisema, ipo nyumbani.

Watu wa kampuni kwa kazi hiyo huvaa kinyago cha mpira usoni. Mimi nilifungwa na mpishi wa nyumba kitenge kilicholowa maji. Nikashuka shimoni. Mle upepo haufiki, na tindikali ikigusa ukuta inatoa moshi, na moshi ule haupandi, unakaa pale pale ulipo wewe. Nilisugua mpaka madoa yakatoka, kwa sababu kosa lilikuwa langu na niliona aibu kutoka kabla halijafutika. Nilipopanda ngazi sikuwa na pumzi, na mate yalikuwa na damu.

Nililazwa. Daktari anasema kifua kimeungua na kilichoungua hakirudi. Nisikae kwenye moshi, nisibebe mizigo, nisipande milima. Nikamwambia kwetu ukitoa milima hakibaki kitu. Aliendelea kuandika.

Nimeshasema, Baba. Gaudensia, futa macho uendelee, yaliyobaki ndiyo ya maana.

Nilipotoka hospitali Mkurugenzi alinilipa mwezi wangu akaniambia kazi imekwisha. Bwawa hatalijaza tena, matunzo yake hayawezi. Sasa limebaki shimo jeupe, na majani ya miti yanaangukia humo. Sikugombana naye, kifua hakiruhusu ugomvi. Nilimwomba mrututu uliobaki.

"Kama ni dawa ya kwenu," alisema, "ibebe uende nayo kwenu."

Nimeukabidhi kwa Betram, yule mtoto wa jirani yetu aliye kondakta wa basi la Songea. Atautafutia gari la Mbinga, uachwe kwa Gaudensia pale misheni Kigonsera. Nimeufunga kwenye nailoni na kuushona gunia juu. Hautatosha shamba zima. Utatosha mibuni ya upande wa kijito, ile michanga uliyotaka kuanza nayo kuangusha. Kama lazima ukate, kata mizee ya juu. Shoka lisubiri.

Bomba la mgongoni sitalibeba tena. Mpe mdogo wangu Menas, lakini simama naye, maana ana haraka na chokaa haichuji. Ajifunge kitambaa puani na upepo umpige mgongoni. Asinifuate mimi.

Msalimie Mama sana, na umwambie nakula. Msalimie shangazi wa kule Kitai, na katekista aniweke katika sala za jumuiya. Gaudensia namshukuru kwa sauti yake.

Nasubiri daktari aniruhusu safari. Huko nitakuja kufanya kazi moja tu ninayoiweza, kukaa mkekani kuchambua kahawa pamoja na Mama. Kwa hiyo Baba, nakuomba, nikute kahawa.

Ni mimi mwanao,
Osmund