Jibu la Mama kwa Hakimu

Mwaka mmoja umetimia sasa, Baba, tangu ulipotutoka, na bado watu wanabisha hodi kuuliza kama Hakimu yupo. Tunawaambia hayupo. Kuna wanaouliza atarudi saa ngapi, kwa sababu wanakuona kwenye runinga kila jioni, umekaa juu ya kile kiti kirefu, unampa mtu kifungo kwa sauti nzito. Kituo kinarudia tamthilia yako kuanzia mwanzo. Mama haizimi. Ila ikifika mahali unapogonga meza, anainuka kwenda kuangalia jikoni, hata kama jikoni hakuna kilichobandikwa.

Tukukumbushe ulivyokuwa, maana mambo yako mwenyewe ulikuwa mwepesi wa kuyasahau. Ulikuwa mtu wa jukwaani miaka mingi kabla kamera haijakujua. Ulicheza walevi, wafalme, baba wakwe, na mara moja maiti, na hiyo maiti ndiyo iliyosifiwa zaidi magazetini. Kisha ukavishwa joho la hakimu kwenye tamthilia, na jina ulilopewa na wazazi wako halikusikika tena. Watazamaji hawakujua kwamba chini ya ile meza kubwa ulikuwa umevaa malapa. Mama alijua, kwa sababu ndiye aliyeyatia kwenye mfuko kila asubuhi pamoja na leso na vidonge vya presha.

Mtaani ulipata taabu. Fundi viatu na mteja wake walikushika mkono uamue nani kakosa, soli ilikuwa imebanduka. Majirani waliogombania ukuta walikuja sebuleni wamevaa vizuri kama watu wa mahakamani kweli. Uliwasikiliza wote kwa heshima, ukajikohoza, ukasema kesi imeahirishwa, kisha ukajifungia chooni mpaka walipoondoka. Wewe huyo huyo nyumbani hukuweza kuamua rangi ya pazia. Pazia aliamua Mama, na shule zetu aliamua Mama, na siku ya kunyoa ndevu zako vilevile.

Ulikuwa mpole. Waigizaji wachanga waliotetemeka nyuma ya jukwaa uliwaambia kwamba hata wewe hutapika kabla ya kila onyesho, na ilikuwa kweli. Hukuwahi kumcheka mtu aliyesahau maneno yake. Ulimpokea, ukayasema wewe kwa namna ya kumuuliza, na watu ukumbini wakadhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa.

Lakini leo hatukuandikii kwa ajili ya sifa. Sifa ulipewa za kutosha siku ya mazishi, na nyingine zilikuwa za mtu tusiyemjua. Tunakuandikia kwa sababu Mama ana jambo lake na wewe, na limemsumbua mwaka mzima.

Unajua mlivyokutana. Yeye alikuwa mshonaji wa mavazi kwenye ukumbi ule wa zamani, wewe ulikuwa umetoka tu kwenye lile kundi lenu la vijana, mkicheza kwenye mabwalo ya wafanyakazi. Siku ulipomtaka, mlikuwa mmekaa kwenye ngazi za nyuma, yeye anatia vifungo kwenye koti la mfalme. Ukamwambia, "Sina nyumba wala kiti, lakini nikiwa karibu na wewe najiona nimekaa."

Mama anasema sindano ilimchoma. Akakuuliza maneno hayo umeyatoa wapi. Ukababaika, ukatazama viatu vyako, ukamjibu kwamba ni ya mchezo mmoja wa kundi lenu la zamani, unaitwa *Mpangaji wa Chumba cha Nyuma*.

Alikubali, lakini lilimkaa rohoni. Alikuwa ametakiwa kwa maneno ya mpangaji.

Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Alipozaliwa dada yetu mkubwa ulimbeba, ukamwambia, "Karibu, mgeni. Wenyeji wako hawajui kitu, lakini watajitahidi." Mama, hoi kitandani, akauliza, "Hayo ya mchezo gani?" Ukataja *Wageni wa Ijumaa*. Mama alipofiwa na mama yake, ulimkuta amekaa peke yake uani, ukachuchumaa mbele yake ukasema kuanzia siku hiyo wewe ndiye utakayemwita kwa jina lake la utotoni, ili lisipotee. Na kweli ukawa unamwita hivyo. Lakini alipokuuliza, kama kawaida, ulisema umelitoa kwenye *Msiba wa Jirani*.

Yote ya kundi la zamani. Mama asingeweza kukukamata, kwa sababu michezo uliyoicheza baada ya ndoa aliijua neno kwa neno. Ndiye aliyekuwa akikushikia karatasi jikoni na kukusomea sehemu za wenzako. Amekuwa polisi wako, shangazi yako mkorofi, mchumba wako na muuaji wako, yote hayo akimenya viazi. Ya kundi la zamani hakuyajua. Alitaka siku moja akamuulize kiongozi wenu, yule mliyemwita Bosi, aliyekuwa akiandika vibao vya maduka. Ukamwambia, kwa huzuni kubwa, kwamba Bosi alikwisha kufa.

Sasa tufike wodini. Ilikuwa mchana, kitanda cha dirishani, nje watu wanagombania maegesho ya magari na wewe unasikiliza kama wamekuletea kesi. Mama alikuwa anakukunjia shuka. Ukamshika kidole kimoja, ukamwambia:

"Nikija leo hivi nilivyo, mzee na mirija yangu, nikakuomba upya, utanikubali?"

Naye, kwa mazoea tu, akasema, "Hayo ya mchezo gani?"

Ulitabasamu. Safari hii hukutaja mchezo wowote. Muuguzi akaja akamwomba asogee kidogo, akasogea, na hukuzungumza tena. Jioni tukaja kuitwa.

Mama hakulia sana msibani, na wapo walioliona hilo wakalisema. Hawakujua alikuwa na hesabu nyingine kichwani. Alivyoona yeye, kama maneno yale yalikuwa ya mchezo, basi alikujibu kama alivyokujibu siku zote na hakuna lililoharibika. Lakini kama yalikuwa yako, basi mtu alimuuliza mkewe swali la mwisho, akaondoka bila jibu.

Akaanza kuulizia. Alimuuliza yule dada aliyecheza karani wako wa mahakama. Akasema hajapata kuyasikia. Akamuuliza mpambaji aliyekuwa akikupaka poda kwenye upara, naye akakumbuka vichekesho vyako vyote isipokuwa hicho. Akampigia mwandishi wa tamthilia. Mwandishi akasema anatamani angekuwa ameyaandika yeye. Tulimwambia Mama aliache jambo hilo, limepita. Alituitikia vizuri na akaendelea, unamjua.

Halafu, wiki chache kabla ya leo, alikuja mgeni. Mzee mrefu, koti limempwaya, mkononi ana mfuko wa karoti. Aliomba radhi kwa kuchelewa kutoa pole, alikuwa amelazwa, na kabla ya hapo hakuwa na mtu wa kumsafirisha. Mama akamuuliza ajitambulishe ili amkumbuke. Akasema marehemu na wenzake walikuwa wakimwita Bosi.

Mama alishika fremu ya mlango.

Baba, hajafa. Anafuga sungura kwa binti yake, ndiyo maana ya zile karoti. Ulimzika mtu mzima na akili zake, na tunadhani hata yeye angependa kujua lini.

Alipewa kiti, akapewa chai, akasifu nyumba. Mama hakumngoja amalize kikombe. Akamwomba amsimulie mchezo wa *Mpangaji wa Chumba cha Nyuma*. Bosi akafikiri. Akasema huo haujui. *Wageni wa Ijumaa*? Haujui. *Msiba wa Jirani*? Akatikisa kichwa, akaanza kumtazama Mama kwa wasiwasi, kama mtu anayehofia kwamba msiba umemzidi mwenzake.

"Shemeji," akasema, "sisi tulikuwa na michezo minne tu. Yote ya wezi, yote ya kuchekesha. Tulikuwa tunairudia mpaka watu wanatusaidia kumalizia. Mapenzi hatukuwahi kucheza. Nani angecheza mwanamke? Tulikuwa wanaume watupu, na wote tuna ndevu."

Mama akamtajia maneno yako, moja baada ya jingine, kwa sauti ile aliyozoea kukusomea jikoni. Ya ngazi. Ya mtoto. Ya jina la utotoni. Mwisho akasema ya wodini. Bosi alisikiliza ameinamisha kichwa. Alikuwa ameweka kikombe chini.

"Haya si ya jukwaani hata moja," akasema. "Mtu akiyasema haya jukwaani, wa nyuma hawasikii. Ya jukwaani lazima uyatie pumzi yafike mlangoni. Haya mtu anamwambia mtu aliye karibu."

Kisha akatueleza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Walikuchukua kwenye kundi kwa sababu ya kukuonea huruma. Ulikuwa kijana usiyeweza hata kuomba maji ya kunywa. Ukisalimiwa unajibu ukutani. Wakakupa maneno ya mwizi wa tatu, wakitarajia utakimbia. Ulipopanda pale ulifunguka kama bomba, kwa vile maneno hayakuwa yako na lawama haingekuwa yako. Ukishuka, unarudi vilevile. Bosi alisema amekutana na waigizaji wengi, lakini mtu mwenye haya kiasi kile hajamwona mwingine.

Tungependa kukuambia kwamba Mama alifurahi. Alikasirika. Mgeni alipoondoka, aliosha vikombe ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa, akisema peke yake kwamba ameishi na mtu miaka yote hiyo akimshukuru mtu mwingine asiyekuwepo. Alisema ungemwambia tu. Alisema angekutania siku mbili, basi, ingekwisha. Dada mkubwa akacheka, ikawa kosa, tukatolewa jikoni sote.

Hasira zilikaa siku kadhaa. Alikuwa akipita kwenye picha yako ya joho bila kuitazama. Halafu asubuhi moja tulimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, mikono mapajani, hana kazi yoyote, jambo ambalo kwake si la kawaida. Shangazi, dada yako, akakaa pembeni yake. Mama akamwambia kwa utaratibu kabisa, "Wifi, yalikuwa yangu. Yote yalikuwa yangu, na mimi nilikuwa nayasikiliza kama ya kuazima." Shangazi alimshika mkono wakakaa hivyo mpaka jua likawafikia miguuni.

Tangu siku hiyo anayarudia. Hatuna hakika kama anajua kuwa tunamsikia. Anayasema polepole akiwa peke yake, na safari hii hamuulizi mtu yametoka wapi. Kuna mengine hatukuwahi kuyasikia sisi, aliyokuwa ameyaweka, na hayo hatutayaandika hapa kwa sababu ni yake. Wajukuu wanasema bibi anasoma mchezo. Hatujawasahihisha.

Nasi wanao tumeanza kutafuta vichwani mwetu. Kila mmoja ana lake uliloliambia kisha ukalisingizia mchezo: la siku ya harusi, la siku ya kufeli mtihani, la siku ya kuondoka nyumbani na mabegi. Tuliyachukulia kama vichekesho vya baba mwigizaji. Tunayapokea sasa, Baba, tumechelewa lakini tunayapokea.

Ulipokuwa ukisifiwa kwa sauti yako, ulisema sauti ni ya joho. Hatukuamini wakati ule na hatuamini leo. Waliokutazama watakutazama kila jioni mpaka tamthilia iishe, kisha kituo kitaleta nyingine na hakimu mwingine, na ni sawa. Hiyo ndiyo kazi uliyoichagua.

Unakumbukwa na mkeo. Na wanao, dada mkubwa, mapacha na kitinda mimba wako. Na wakwe zako uliowaogopa bila sababu. Na wajukuu wako, pamoja na yule uliyemwacha tumboni ambaye sasa anasimama kwa kushika meza. Na dada yako. Na mpambaji, karani na wenzako wote wa ukumbini. Na Bosi, ambaye yu hai na anakusalimu. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.

Tulipomsomea Mama tangazo hili la kumbukumbu, alisema limekuwa refu na kwamba la malapa halikuwa la kuwaambia watu. Kisha akatuagiza tuongeze neno moja mwishoni, na tusilitengeneze, tuliandike hivyo hivyo alivyolisema:

"Ningekukubali. Uje tu."