Mkate wa Mayai Usio na Yai

Jumapili. Tangu alfajiri mvua ni ile nyembamba, haikuloweshi lakini nguo huwezi kuzianika. Nyumba nzima hapa Makorora yanuka ubichi. Nimekaa barazani na moyo umejaa, hata sijui nianzie wapi.

Nianze na mama. Tangu atoke hospitali hali chakula. Tonge mbili, anasukuma sahani: "Alhamdulillah, nimeshiba." Ukimuuliza kama kuna kilichokosekana, atakwambia ni kitamu. Magauni yake sasa yanamning'inia, na mimi nimeanza kuogopa kumwangalia akiwa amelala.

Kitu kimoja tu amekitaja mwenyewe. Mkate wa njano, ule wa miaka ya foleni, duka la ushirika lilipokuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Nilikuwa mdogo, lakini naukumbuka. Alikuwa akituambia ni mkate wa mayai.

Basi nikapika mkate wa mayai. Unga wa ngano, tui, na mayai bila huruma.

Tonge mbili. Alhamdulillah.

Nikakimbilia kwenye lile kundi letu la mapishi mtandaoni, ninalolisimamia mwenyewe. Wamo wa hapa Tanga, wa Muheza, wa Pemba, na waliokwishahamia Uarabuni. Nikaweka picha, nikaeleza nilivyopika, nikaomba waseme kasoro. Nikapata mashallah, mikono ibarikiwe, na vikopa vyekundu. Nikaandika tena, kwa ukali kidogo, kwamba sitaki kopa, nataka kusemwa. Wakaongeza kopa.

Nakiri, nilikasirika. Ugonjwa wetu watu wa pwani ni adabu. Mtu atatafuna wali wenye mawe, ameze, kisha akuombee dua. Nilikaribia kulifunga hilo kundi.

Juzi nikageuza swali. Sikuuliza tena mkate wangu una kasoro gani. Nikauliza: kwenu, miaka ile, mkate wa njano mliupikaje? Nikaeleza na hali ya mama, bila kuficha.

Kimya. Hata kopa moja sikuliona.

Jana asubuhi akajibu Bi Time. Ni mama wa Kipemba, zamani alipanga hapa mjini, Chumbageni, sasa yuko kwao. Hakunifuata faragha, aliandika mbele ya watu wote:

"Mwanangu, mkate ule haukuwa na yai. Yai tungelitoa wapi? Ule ni unga wa njano wa msaada, waliokuwa wakisema ni chakula cha kuku. Hata mimi wanangu niliwaambia ni mayai. Na kabla ya kuutoa jikoni nikifunga mlango."

Nilishika mdomo.

Na baada yake, ee Mola, yalifunguka. Mwanamke wa Muheza akasema hata kwao uliitwa mkate wa mayai. Mwingine, mama yake alikuwa akiyachoma magunia ya unga huo uani majirani wasiyaone. Kisha akaandika mtoto wa jirani yetu, ambaye nyumba yao na yetu ni ukuta kwa ukuta, kwamba walikatazwa kabisa wasitutajie sisi. Sisi! Huku tumejifungia, kule wamejifungia, na harufu ni ile ile moja.

Nilisoma mpaka macho yakauma. Mtaa mzima ulikula mkate mmoja na kila nyumba ikadhani iko peke yake. Halafu ikaja rukhsa ya kuagiza bidhaa, maduka yakajaa, unga mweupe ukarudi, na akina mama wale wakaibeba aibu isiyokuwa yao bila kumwambia mtu. Mimi nilidhani wanakundi wananipuuza. Kumbe walikuwa wakimsitiri mama yangu. Sijui nishangae lipi, ule ukimya au jinsi ulivyovunjika.

Leo asubuhi yule wa Muheza amenitumia kifurushi kwa basi. Unga wa mahindi ya njano, amesaga mwenyewe, na hataki kusikia habari ya malipo. Nikakuna nazi moja, nikaukanda kama Bi Time alivyoelekeza, nikaupalia makaa juu na chini.

Mama aliutazama kabla hajaugusa. Akaunusa.

"Nani kakwambia?"

"Mtaa mzima, mama. Wote waliula."

"Hata hao wa hapo ukutani?"

"Hata wao."

Akainamisha uso. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia, nikainuka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, kisha akala. Akamaliza kipande. Akavuta sahani karibu, akachukua kingine, akatafuna taratibu na kunikunjia uso kama zamani, nilipokuwa msichana ninayejifunza kupika.

"Mbona nazi umeibania?"

Nimetoka nje haraka asinione ninavyolia. Sijapata kusikia neno tamu kama hilo mwaka huu wote.

Kesho nakuna mbili.