Sahani ya Baba Neema

Jumatatu, 2 Juni
Baridi imeanza kweli. Nimeshona suruali mbili za shule, zipu moja imenishinda. Jioni ugali na majani ya maboga. Baba Neema hakugusa. Anasema ameshiba kazini. Kazini kwake Bombambili kuna baiskeli mbovu na grisi tu. Ameshiba nini, spoku?

Neema amekula peke yake. Kwa akina mume wangu mtoto wa mwisho hula sahani moja na baba yake, na hawa wawili hawajaacha tangu mtoto aote meno. Leo amemega tonge akaliweka upande wa baba yake. Likapoa pale pale. Nimechukia.

Alhamisi, 5 Juni
Anakula kwingine. Naandika wazi, humu hakuna wa kunisikia. Nimempelekea uji kazini? Hapana. Nani anampelekea?

Ila huyu mtu hata kwenda chooni ananiambia "natoka kidogo". Mwenye aibu zote hizo, halafu awe na nyumba ndogo? Nampenda, ndiyo maana nina hasira hivi.

Jumamosi, 7 Juni
Nimekwenda Bombambili kufumania. Nimevaa kitenge kipya. Kama ni kuaibika, niaibike nimependeza.

Nimemkuta nyuma ya banda, amekalia tairi, anakula maharage kwenye kisahani cha plastiki. Peke yake. Pembeni chupa ya spiriti ya kuoshea hicho kisahani. Hapakuwa na mwanamke yeyote, na hilo likanikasirisha zaidi. Nimemsema mpaka mwenye duka la jirani akapunguza redio asikie vizuri.

Akainama. "Mama Neema, natoka damu."

Chooni. Tangu Kwaresima. Alidhani bawasiri, akanywa mizizi ya mzee mmoja wa Mshangano. Halafu akasikia redioni kwamba kuna bakteria wa tumboni wanaotoa sumu, sumu hiyo inaharibu vinasaba, na inahusishwa na saratani ya utumbo. Na kwamba huenda wanaanza kumwingia mtu akiwa mtoto. Basi, akahukumu kesi mwenyewe: anao, na atampa Neema kwenye sahani. Akajitenga na mtoto wake bila kumwambia mtu.

Nimelia pale pale. Kitenge kimejaa grisi. Mjinga wangu huyu.

Jumapili, 8 Juni
Sikusikia mahubiri hata neno. Nimemwomba Mungu kwa vitisho.

Jumanne, 10 Juni
Hospitali. Nimeingia naye chumbani, ningemwacha angesema anaumwa kichwa. Daktari ni binti mgeni huku, mpole. Baba Neema akamweleza kwamba "akitoka kidogo" anaona rangi. Binti wa watu akabaki kutukodolea macho. Nikasema mimi: damu kwenye choo, na amekonda. Suruali zake nimezipunguza kiuno mara mbili mwaka huu, na wala sikujiuliza.

Nikamuuliza habari za hao bakteria. Kasema ni kweli wapo. Baadhi wanatengeneza sumu inayokata vinasaba kwenye chembe hai za utumbo, na wataalamu wanaona uhusiano na saratani, ila bado wanachunguza. Wengi tunao na hatuumwi. "Hata mimi naweza kuwa nao, baba. Kutenga sahani hakusaidii kitu. Na damu haikuambii ni bakteria. Tuingize kamera kwa nyuma tuone."

Neno kamera lilimtoa jasho. Akaniangalia mimi, kana kwamba nitamkatalia. Nikamjibu daktari tutakuja.

Jioni nimepakua sahani moja. Amekaa. Neema amesogeza tu nyama zote upande wake mwenyewe. Baba yake amecheka. Nimeingia jikoni kujifanya natafuta chumvi.

Alhamisi, 19 Juni
Kipimo kimefanyika. Ile dawa ya kusafisha tumbo imemnyoosha, hana hata nguvu ya kuona aibu. Wamekuta kiuvimbe. Wamekikata chote, kimepelekwa kuchunguzwa. Majibu tusubiri.

Kwenye gari amelala njia nzima, kichwa begani kwangu, mbele za watu.

Jumatano, 25 Juni
Naogopa. Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Yeye ananifariji mimi, wakati mgonjwa ni yeye. Sitaki kuishi bila huyu mtu. Basi.

Ijumaa, 4 Julai
Si saratani. Daktari amesema kile kiuvimbe kilikuwa njiani kuwa saratani, na tungekiacha kingefika. Atarudi kupimwa tena mwakani. Ameshauri na ndugu zake wa damu wapimwe.

Nilidhani hilo la ndugu nitalisema mimi kama kawaida. Tumerudi nyumbani, amekunywa chai. Amekwenda kusimama karibu na uzio ambako mtandao unashika, akampigia mdogo wake wa Mbinga. Mdogo mtu hasikii vizuri kwenye simu. Ikabidi apaze sauti. Mtaa wetu mzima wa Mfaranyaki umesikia.

"Choo! Nasema choo chako, unakiangalia? Kina damu?"

Jirani aliyekuwa anatwanga akaacha kutwanga.

"Mimi nilitoka damu. Nikanyamaza. Usinyamaze, mdogo wangu."

Nimesimamisha cherehani ili nimsikie. Mtandao ukakatika. Akapiga tena.