Usichome Osuri Pamoja na Takataka

Mpendwa Shangazi Nabututu,

Naomba unisaidie maana kichwa changu kimegoma. Nimeolewa Nyakach karibu na ziwa, mume wangu Ouma anachuma chai Kericho, na wiki iliyopita, katika hizi mvua za Elinino, nilikuwa nasonga ugali nikasikia ngurumo isiyokwisha, kuchungulia nje naona maji ya ziwa yamesimama wima mpaka mawinguni na yanatujia, Shangazi, nikawaangukia watoto nikawafunika, na nilipoinua uso paa lote halipo, naona mbingu, na wanangu hawana hata mkwaruzo. Mungu ni mkubwa!

Upepo ulirundika kila kitu mbele ya boma, nyasi za paa, mbao, nyavu za nailoni, betri za redio, mikebe ya dawa ya kupe, na juu kabisa imesimama osuri, ule mti wa kileleni mwa nyumba unaoonyesha mwenye nyumba yu hai, imesimama tu kana kwamba mtu ameichomeka. Sasa rundo linaoza, jana nyoka ametoka humo watoto wakicheza, naibu chifu amesema barazani tusafishe maboma upesi, nami nimenunua mafuta ya taa nichome yote mara moja, lakini mama mkwe wangu, Dorca, ameketi hapo na haondoki. "Nyar Awasi," ananiambia, akiniita binti wa kwetu Awasi, "ukichoma hiyo osuri umenizikia mtoto!" Barabara ya Kericho imekatika na Ouma hajaleta habari. Nichome, au ningoje watoto waumwe?

Seline, Nyakach

Seline binti yangu,

Nimekusoma mwili ukanisisimka. Ziwa lisimame, paa liruke, watoto wabaki wazima! Hiyo si bahati ya kila mtu.

Halafu wewe, Mungu amekuponyea watoto, unataka kuwamaliza kwa kiberiti? Moshi wa mikebe ya dawa ya kupe ni sumu, betri hupasuka motoni, na nailoni ikiungua kila kifua kijijini kitakohoa. Kusafisha boma si kuchoma kila kitu, mama! Choma nyasi na mbao kavu peke yake, mbali na nyumba, asubuhi upepo ukiwa umetulia, maji yakiwa karibu, na umjulishe naibu chifu na majirani kwanza. Mikebe isishikwe kwa mikono mitupu. Mwulize bwana mifugo wa Katito pa kuipeleka. Watoto wasikaribie hapo.

Lakini kabla ya hayo yote, osuri itoke. Mimi ni Mbukusu na mila hiyo ya Kijaluo si yangu, ila najua si wewe wa kuishika. Mwite mzee wa ukoo aitoe, aihifadhi mpaka Ouma arudi.

Na Dorca si adui yako. Mwanawe yuko kimya, na wewe umekuja na mafuta ya taa. Ulitaka afikirie nini? Leo hii nenda ukaketi naye, umwambie, "Mama, hata mimi naogopa." Nadhani hakuna mtu aliyemwambia hivyo tangu paa liondoke.