Mlezi Hadi Baba Arudi

Kibra, 12 Machi 1946

Shemeji Mahdi, pokea salamu zetu.

Mvua imeanza vizuri na mahindi yameota. Nimepata habari kwamba umetoka jeshini, uko Bombo huko Uganda, na unamtaka binti yako Saadia. Ni haki yako. Dada yangu alipofariki, kadhi aliandika kuwa mimi ni mlezi tu hadi baba arudi. Saadia alikuwa hajaota meno.

Juzi nilimwambia, "Baba yako anakuja kukuchukua."

Akauliza, "Na wewe, mama, utalala wapi huko?"



Njoo ukae hapa Kibra wiki moja kwanza, akuzoee. Nguo zake nitamfungia mwenyewe. Ila usimwambie kwamba sikumzaa. Hilo niachie mimi.

Ni mimi shemeji yako,
Batul